Kisu cha Mkwe

“Hivi, shoga, mtu wa sala kama wewe, kisu kiunoni cha nini?”

Jirani aliuliza hivyo siku moja akianika nguo, na Mama Turubai hakuona vibaya. Alikitoa mkandani kile kisu cha kukunja, akamwonyesha kilivyolala ndani ya ala ya turubai aliyoishona kwa mkono wake, kifungo kimebana juu.

“Cha kazi hiki. Namwomba Mungu anilindie vidole, halafu nakifunga mwenyewe. Siwezi kumwachia Yeye mpaka kazi ya kifungo.”

Jirani alicheka hadi kibanio kikamdondoka mdomoni.

Mama Turubai alikuwa mjane, na riziki yake ilitoka katika karakana ya kushona maturubai ya malori. Kutwa alikata kamba na nyuzi za nta, na kila alipomaliza kukata alikifunga kisu kabla hajagusa kitu kingine. Hakukifunga kwa kukumbatia mpini wote, kama wafanyavyo wenye haraka zao. Alisukuma mgongo wa ubapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na mfereji makali yanamolala, akasubiri springi iseme ta! Isiposema, hakuiamini.

Sasa, mume wa binti yake naye alikuwa karakana hiyohiyo, kazi yake kupanda juu ya malori na kuyafunga maturubai. Kijana mchangamfu, mchapakazi, tena mpenda mke na mtoto. Ila wenzake walimwita Mbwembwe, na hawakumsingizia. Alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini mwekundu. Alikifungua kwa mkono mmoja, akakizungusha, akakikunja kwa kukipiga pajani, kisha akakitupa mfukoni pamoja na funguo. Mama Turubai alitega sikio. Kisu kile hakikusema ta. Hakikusema chochote.

“Mwanangu,” alimwambia, “springi ya kisu chako imechoka. Hakijifungi hicho, kinajilaza tu.”

“Aa, mama, kisu changu kina adabu zake. Hakifunguki bila kupiga hodi!”

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mama Turubai naye akatabasamu, akarudi kwenye sindano yake. Kumsuta mkwe mbele za watu hakuweza. Kumpekua mfuko, hilo ndilo halikufikirika kabisa. Angeweza kujidai anakiazima kisha akipoteze, lakini moyo wake ulikataa kumpiga mkwe changa la macho.

Kilichomnyima raha si paja la Mbwembwe. Ni mjukuu. Kila baba mtu alipokaa, yule binti mdogo alitoka mbio na kujirusha mapajani pake acheze farasi. Na paja alilolipenda ndilo lenye kisu.

Siku ya mapumziko walikuja wote kwake kula. Mbwembwe, asiyeweza kukaa bure, aliona kigoda kinalegea mguu. Akachuchumaa, akakifunga kwa kamba, akakata, akakitupa kisu mfukoni. Alipoinuka na kuvuta kiti, Mama Turubai aliona kitu kinang’aa pajani pake, kidogo kama ncha ya sindano, kimechungulia nje ya kitambaa.

Mtoto alikuwa ameshaanza mbio kutoka mlangoni.

Mama Turubai hakupiga kelele. Alimdaka mjukuu kwa gauni.

“Mwanangu, usikae.”

“Kwani kiti kina kunguni, mama?”

“Usikae, na usitie mkono mfukoni. Tazama paja lako.”

Mbwembwe alitazama. Kicheko kikamkaukia. Mkono ukaanza kwenda mfukoni wenyewe.

“Mikono juu!” Ilikuwa sauti anayowatolea madereva wanaorudi nyuma bila kutazama. Mikono yote miwili ikapaa.

Binti yake alikurupuka kwenda kumsaidia mumewe. “Ngoja nikivute, mama.”

“Ukivuta, unamchana. Nenda naye chumbani, taratibu, asikunje goti. Avue suruali, wewe ukiishikilia nguo mbali na ngozi. Mpe shuka ajifunge.”

Chumbani kulisikika minong’ono, kisha kicheko cha mwanamke, kisha, “Nyamaza basi, mama anasikia!” Mbwembwe akatoka amejifunga shuka la maua mpaka kifuani, anatembea kama bibi harusi. Mtoto akampigia makofi. Mama Turubai aliinamia suruali iliyotandazwa mezani ili asionekane anavyojibana asicheke.

Akaugeuza mfuko. Ufunguo mmoja ulikuwa umejipenyeza kwenye mfereji na kuusukuma ubapa nje; kitambaa cha ndani kimechanika chote.

“Kimekukata?”

“Mkwaruzo tu. Hata sikusikia.”

“Ashukuriwe Mungu.” Akakifunga kisu, akamkabidhi. “Shika mpini, mgongo wa ubapa utazame chini. Tikisa.”

Mbwembwe akatikisa. Ubapa ukaanguka nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Akafunga, akatikisa tena. Vilevile.

Mama Turubai alikuwa ameshatunga uzi, anashona mfuko.

“Kisu kizima hukaa peke yake, si na funguo. Kikae kwenye ala. Kama ni mfukoni, mgongo wa ubapa uegemee mshono wa pembeni, kikitaka kufunguka kikose pa kwenda. Ila hicho chako hata ala haitakisaidia. Springi imekufa.”

“Mama, hicho ndicho wanachonijulia kazini.” Alisema kwa sauti ndogo, bila mbwembwe yoyote. “Nikienda mikono mitupu watanicheka.”

“Watacheka, ndiyo. Ni chako, sikunyang’anyi. Lakini paja ni moja, baba. Ama likae kisu, ama akae mtoto.”

Akakata uzi, akafunga kisu chake, ta, akamsukumia suruali. Mbwembwe akaingia chumbani, akarudi amevaa. Alisimama mbele ya meza kitambo, akiutazama ule mpini mwekundu. Mkewe alifungua mdomo. Mama Turubai akamkanya kwa jicho.

Mwisho Mbwembwe alikikunja kisu kwa kiganja, polepole, vidole mbali na makali. Akachukua uzi wa nta, akakizungushia mara nyingi, akakaza fundo kwa meno. Akakiweka juu kabisa ya kabati. Kisha akamshika mwanawe mkono, akatoka naye uani.