Kichwa Kwenye Kioo

Kwa miaka kumi na mmoja, sanamu ya kujaribishia magauni katika duka la Mama Mdogo ilikuwa Baba Mdogo.

Haikuwa siri, wala haikuwa habari. Sanamu ya plastiki iliyokuja pamoja na cherehani ilivunjika kiuno mwaka wa kwanza, na siku hiyohiyo Mama Mdogo akagundua kwamba mumewe, mwalimu wa hisabati, ana mabega ya wateja wake wengi. Palipopungua alijaza sifongo za mto. Tangu hapo, kila jioni akitoka shule, Baba Mdogo huvua koti, huvaa alichopewa, hupanda kisanduku cha mbao na kusahihisha madaftari akiwa wima, huku mkewe akimzunguka na pini mdomoni.

"Usipumue," mkewe humwambia.

"Nimeacha tangu saa kumi," humjibu.

Ukurasa wa duka mtandaoni ulikuwa mikononi mwa Spika, mtoto wa dada yake Mama Mdogo, aliyemaliza chuo mwaka jana. Alibandikwa jina hilo kwa sababu sauti yake ni ndogo mno. Wateja humwinamia kama wanaochungulia kisima. Katika kupiga picha alikuwa na kanuni moja tu: kata kichwa. Gauni lianzie shingoni. Kwa miezi minne alikata kichwa cha Baba Mdogo mara sitini, na mwenyewe hakulalamika.

Jumatatu alipiga picha ya gauni la harusi la muuguzi mmoja, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, ambaye zamu zake hazikumruhusu kuja kupimwa mara mbili. Kichwa alikikata vizuri sana. Kioo cha pembeni hakukikata. Ndani yake alionekana Baba Mdogo mzima mzima, miwani puani, kalamu nyekundu sikioni, amekunja uso kwa sababu kuna mwanafunzi alikuwa amegawanya kwa sifuri.

Kufikia Jumanne asubuhi, waliokuwa wameitazama picha hiyo walizidi watu wote waliowahi kupita mbele ya duka. Mmoja aliandika kwamba dunia imefika ukingoni. Wa pili akamjibu kwamba ilifika zamani, yeye ndiye amechelewa. Wanawake wakawatumia waume zao picha hiyo bila maelezo. Ukurasa wa mambo ya ndoa ukauliza, "Je, wako angekubali?" na watu mia nne wakagombana hapo, wengi wao hawajaoa wala kuolewa. Muuza sabuni akaomba Baba Mdogo ashike sabuni yake, na gauni libaki lilelile. Mwingine akaandika, "Huyu alinifundisha. Alinipa sifuri."

Spika aliifuta picha. Ilikuwa sawa na kufunga zizi lililo tupu. Tayari ilikuwa imezaliana kila mahali.

Mchana muuguzi akapiga simu. Mama Mdogo akaweka sauti ya nje, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye kitambaa.

"Mama, nimeliona gauni langu."

"Mwanangu, naomba unisamehe. Huyo ni mume wangu, ni msafi, anaoga..."

"Aliyelivaa simjali. Mimi wanaume nawaona kila siku wodini. Nauliza pindo. Watu wanasema limelala kushoto, na mimi nimetazama, limelala. Jumamosi ndiyo harusi. Likifika Ijumaa hivyo hivyo, nakodi la mtu. Nataka gauni, Mama, sitaki mjadala."

Mama Mdogo alipima pindo juu ya meza. Lilikuwa sawa. Akalipima tena. Sawa. Kulijua vizuri kungehitaji mtu alivae, tena kwa viatu vyenye kisigino cha inchi moja kama vya bibi harusi. Viatu vya shule vya Baba Mdogo vilikuwa na kisigino hichohicho.

Jioni Baba Mdogo aliingia, akasalimia, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Panda basi," mkewe akamwambia.

"Leo siwezi kusimama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Jumatano alisema vilevile, neno kwa neno, akafungua madaftari akiwa amekaa. Spika, aliyekuwa akishona vifungo kwenye kona, alihisi kila neno linamchoma yeye. Akilini alimwona mzee wa watu akichekwa na darasa zima, akichekwa na walimu wenzake, akichekwa na mpika chai wa shule. Aliandika ujumbe wa kuomba radhi mara nane na kuufuta mara nane. Mwishowe akaenda kusimama mbele ya benchi.

"Baba Mdogo, nisamehe. Nimekuaibisha."

"Unasemaje?"

"Nimekuaibisha," akarudia, kwa sauti iliyomfanya Mama Mdogo asimamishe cherehani.

Baba Mdogo akavua miwani. "Kwa gauni? Mimi navaa magauni tangu hujaanza sekondari. Wanafunzi wamenicheka dakika tano, nikawapa mtihani." Akashusha sauti. "Nimesoma maoni yote, mwanangu. Elfu moja mia mbili na tatu. Mia tatu na kumi na moja yanasema mama yako mdogo hajui kushona. Hilo ndilo limeninyima usingizi."

"Pindo liko sawa," mkewe akasema kutoka kwenye cherehani. "Nimelipima."

"Najua liko sawa. Kisigino changu ndicho kimelika. Cha kushoto."

Ndipo Spika akatazama chini, akaona Baba Mdogo amevaa kandambili za bafuni, za kijani, chini ya suruali iliyopigwa pasi.

"Mara tatu," Mama Mdogo akasema polepole. "Mara tatu nimekwambia upeleke viatu kwa fundi."

"Mara nne," akasema mwalimu, ambaye hawezi kuinyamazia hesabu iliyokosewa. "Viko kwake tangu jana. Anangoja gundi ikauke. Nilitaka kurudi vimeshapona, bila kusemwa."

"Umekwenda shule na kandambili?"

"Siku mbili."

"Na hawakucheka?"

"Hizo ndizo walizocheka kweli."

Alhamisi alikuja na viatu. Alivaa gauni, akapanda kisanduku, akanyoosha mgongo kuliko siku zote. Mama Mdogo akabana pini kuzunguka, na alipomaliza, Baba Mdogo akamwomba Spika rula, wapime kutoka sakafuni sehemu sita. Zilikuwa sawa zote sita.

"Sasa piga. Viatu vionekane. Na kichwa usikate."

Spika aliinua simu, kisha akaishusha. "Niiweke kweli? Watasema tena."

"Waseme. Pindo wataliona."

Aliiweka. Muuguzi alikuja kulichukua gauni Ijumaa asubuhi akitoka zamu, akalivaa hapohapo, akazunguka mara moja, akasema, "Haya," akaondoka nalo.

Huko mtandaoni dunia iliendelea kufika ukingoni. Kuhusu pindo hakuna aliyeandika neno, na Mama Mdogo, aliyekuwa akisomewa maoni moja moja, aliitikia kwa kichwa kila baada ya kumi kwa kuridhika. Maoni mia moja na themanini yaliuliza viatu vile vimetengenezwa na fundi gani.