Karpe wa Murekatete
Murekatete alikuwa ndani ya bwawa lake la samaki, maji magotini, akichomoa majani ya mgomba yaliyoziba bomba la kutolea maji. Mgongo ulimuuma. Mawingu yalijikusanya juu ya kijiji cha Burungu, na bwawa lilibakiza upana wa kiganja tu lifurike.

"Shemeji, unamwanga mayi yote?" Sebarenzi aliuliza kutoka ukingoni. Yeye ndiye aliyemletea wale samaki wageni, karpe, eti wasafishe maji. "Ile njo samaki yenye kukula kijani."

Kijani gani? Miaka yote Murekatete alitia mavi ya ng'ombe bwawani kama wenzake, maji yakawa kijani, na tilapia wakanenepa kwa kijani hicho hicho. Kisha wageni waliokuja harusini kijijini wakayacheka maji yake. Akaona haya, akatafuta wa kuyasafisha. Mavi akaendelea kutia, na karpe akaweka. Karpe wakafukua matope kama nguruwe shambani. Maji yakawa kahawia, viota vya tilapia vikafukiwa, na tilapia wenyewe wakabaki vichwa na miiba.

"Mvula ikinyesha, karpe itashuka kwa bwawa ya Kabera, kule chini," Murekatete alisema. "Kabera anasomesha batoto na ile bwawa."

"Basi itamusafishia na yeye."

Murekatete alikuwa amechoka kubishana. Akatega kikapu mdomoni mwa bomba ili samaki wasipite, akalizibua.

Majirani wakashuka na mabeseni, kama ilivyo desturi mtu akikausha bwawa: samaki wadogo ni wa yeyote. Safari hii hakuna aliyeimba. Tilapia walitoka wachache, wembamba, na karpe wanene wakapigapiga matope. Murekatete alilia bila kujificha. Lakini angalau bwawa la Kabera limepona, alijiambia.

Jioni Kabera akapanda kutoka bondeni, suruali imelowa, mkononi kikombe cha plastiki. Ndani mlikuwa na karpe mdogo, urefu wa kidole.

"Nimekamata hii kwangu," alisema.

"Iliingia wakati gani?"

"Sijue, Mama. Labda na mvula ya ile wiki. Iko mingi."

Hakuwa na hasira. Akaketi ukingoni kando yake, akavua viatu, akamwaga maji yaliyokuwamo. Murekatete alishika kikombe kwa mikono miwili. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka juu ya tope tupu, na kile kisamaki kilizunguka, kikizunguka, kikitafuta matope chini.