Wajina wa Krushefu

Wivu wa Mzee Krushefu, jamani, ulianza kabla hajaota meno. Wiki ile Marekani na Urusi walipotaka kuichoma dunia kwa ajili ya makombora ya Kuba, wake wawili wa mzee Baltazari wa Butiama walijifungua. Baba mtu, masikio yako redioni, akawapa watoto majina ya wale wakubwa wawili. Wa nyumba kubwa, aliyetangulia kwa siku moja, akawa Kenedi. Wa nyumba ndogo akaangukiwa na Krushefu.

Meli za Urusi zikageuza, na Kenedi hajanyamaza mpaka leo. "Ninyi mlikuwaga watu wa kurudi nyuma," humtania ndugu yake kila msiba, kila harusi. Krushefu hucheka, rohoni anaungua. Kinachomuua hasa ni wajukuu. Katika ukoo wao wajukuu walioitwa Kenedi wako kumi, kuanzia Buhemba mpaka Kibara. Krushefu ni yeye peke yake. Akifa, na jina linazikwa.

Kwa hiyo Gloria, binti yake wa mwisho, alipojifungua mtoto wa kiume huko Bunda, na mtoto akawa analia tu, hataki kunyonya, Krushefu alitoka kwake Kigera mbio. Kwao mtoto wa namna hiyo anatafuta jina. Wazee humtajia majina ya ukoo, na likitajwa lake hunyamaza.

Krushefu akampakata mwenyewe, Kenedi na wazee wengine wakiwa wameketi kumzunguka. Likatajwa Enos, mtoto analia. Likatajwa Kenedi, kilio kikaanza kukatika. Aka! Krushefu akapenyeza vidole chini ya kanga, akamfinya pajani. Mtoto akapiga yowe hadi majirani wakachungulia.

"Huyu hataki Umarekani," Krushefu akasema. "Hebu mwiteni Krushefu!"

Wakamwita. Lakini paja linauma. Mtoto akazidi kulia. Machozi yakamlenga mzee wa watu. Jina lake limekataliwa, na aliyeliharibu ni yeye.

Kenedi akamchukua mtoto. Akampapasa paja, palepale, akamtazama ndugu yake machoni. Akambembeleza mpaka pumzi ikatulia, ndipo akaita kwa sauti, "Krushefu!"

Kimya. Wanawake wakapiga vigelegele, mtoto akaanza kunyonya.

Kenedi akamwinamia ndugu yake sikioni. "Mimi ninao kumi, mdogo wangu. Leo nimegeuza meli."

Wageni wakampongeza Krushefu, wakamwekea ugali na sato mnono. Akaisukuma sahani pembeni. Maisha yake yote alilililia jina lile lipate mrithi, na sasa limepata.

"Hata hili," akajisemea, "hata hili kanipa yeye."