Mate ya Susu Ndila na Kiti cha Askofu

Ijumaa, tarehe 14 Machi, mwaka wa 2025, jua la Mutomo likiwa limeamka kabla ya watu, Nduku aliipangusa kalibu ya kiti cha askofu, akaipaka nta, kisha akarudi nyuma kuitazama kama mama anayemkagua bintiye siku ya kuletewa wachumba. Kalibu hiyo ilikuwa ya chuma, vipande viwili vilivyofungana kama sufuria na kifuniko chake, na ndani yake mlikuwa na umbo la kiti kizima lililogeuzwa: mahali pa kukalia, mgongo, na mikono miwili iliyoishia kwa vichwa vya simba. Simba walikuwa matakwa ya askofu mwenyewe. Nduku alikuwa amependekeza maua.

Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kukosea. Karakana yake ilikuwa ndani ya ukumbi wa zamani wa kanisa, ambao Askofu Kitheka alimwazima alipokuja na mashine yake. Sasa kamati ya akina mama ilitaka ukumbi huo uwe wa harusi, na askofu, ambaye kama mwanamume mwingine yeyote wa Mutomo hakupenda kukosana na kamati ya akina mama, alikuwa ametoa hukumu ya kati. Nduku amtengenezee kiti cha kuketia madhabahuni. Kikifaa siku ya Jumapili, karakana itabaki. Kisipofaa, mashine iondoke kabla ya Pasaka. Na dawa iliyobaki kwenye mapipa ilitosha kiti kimoja tu.

Dawa zenyewe zilikuwa mbili, polioli na aisosayaneti, kila moja katika pipa lake. Kisilu, shemeji yake Nduku aliyemsaidia kazi, alizipa majina ya Bwana na Bibi.

"Hawa hawaruhusiwi kuonana kabla ya ndoa," aliwaeleza wageni wote waliochungulia mlangoni. "Mashine inawasukuma kwa nguvu, wanagongana mdomoni mwake, wanaingia kwenye kalibu wakiwa wamekumbatiana. Baada ya dakika chache ni poliurethani, kitu kimoja kigumu. Hapo hakuna talaka."

"Na wakikosana?"

"Hawakosani, ila kwa sababu ya maji. Huyo Bibi akiona tone la maji anamsahau mumewe kabisa. Analikimbilia, na mimba yao ni gesi tupu."

Kwa sababu hiyo Nduku aliichunga kalibu isipate unyevu hata wa jasho. Alikuwa ameinama akikaza mpira wa mashine wakati Susu Ndila alipoingia. Huyu alikuwa bibi kizee, mama mzazi wa askofu, na alikuwa amekuja pamoja na mwanawe kushuhudia kazi. Askofu alibaki nje akizungumza kwenye simu. Mama yake hakuwa na wa kumpigia, akaingia moja kwa moja hadi kwenye kalibu iliyokuwa wazi.

"Hapa ndipo atakapoweka matako?"

"Ndipo, Susu. Lakini usiguse, tafadhali."

"Niguse kwa nini? Matako hayo niliyaosha mimi kabla hajaitwa Baba Askofu."

Susu Ndila akatoa chupa ya maji kwenye kiondo chake, akapiga funda moja kubwa. Nduku alidhani ana kiu. Bibi kizee akaiinamia kalibu, akafumba macho, na pfuuu! Maji na mate vikamwagika kama manyunyu, kuanzia simba wa kushoto hadi simba wa kulia, katikati vikatuama.

"Keti vyema, mwanangu," akakibariki kiti. "Keti, uheshimiwe." Kisha akafunga chupa yake, akaenda kukaa kwenye benchi akiwa ameridhika.

Yeyote aliyezaliwa Ukambani anajua kwamba baraka ya mzee hutemwa, na kwamba iliyotemwa haipanguswi. Huachwa ikauke yenyewe. Anayeipangusa amesema haitaki, na hakuna ajuaye atapewa nini mahali pake. Ni kweli kwamba Askofu Kitheka alikuwa amehubiri dhidi ya desturi hiyo mwaka mzima, akaiita giza. Ni kweli pia kwamba wote walioitikia "Amina" waliendelea kutemewa nyumbani kwao.

"Shemeji," Kisilu alinong'ona, "pangusa."

"Pangusa wewe."

"Mimi bado sijaoa. Nikipangusa nitazaa nini?"

"Na mimi nina watoto watatu. Unataka nimhatarishe yupi?"

"Basi mwambie Susu apanguse mwenyewe."

"Mwambie wewe, kwa kuwa una mdomo mrefu."

Walikuwa bado wanasukumana hivyo kwa viwiko askofu alipoingia, akarudisha simu mfukoni. "Mbona hamwanzi? Nina mazishi yananingoja." Nduku akamtazama askofu, akamtazama mama yake askofu, akaona kwamba kumshtaki mama mbele ya mwanawe ni kosa kubwa kuliko kuharibu kiti. Akavaa barakoa na glavu. Akaifunga kalibu juu ya baraka ile.

Mashine ikanguruma. Bwana na Bibi wakaingia. Kwa kawaida kalibu hutulia kimya, lakini safari hii ilianza kunung'unika, kisha povu likachungulia kwenye ufa wa pembeni, likateremka taratibu kama uji unaofurika jikoni.

"Aiya! Kimejaa hadi kimemwagika," alisema Susu Ndila kwa furaha. "Ndiyo baraka hiyo."

Walipoifungua kalibu, kiti kilionekana kizuri kwa mtu asiyejua. Simba wawili walikuwa wamevimba mashavu kama watoto walioficha mandazi mdomoni, jambo ambalo askofu alilisifu kuwa ni dalili ya shibe. Lakini alipoondoka, Nduku alibonyeza mahali pa kukalia. Pakazama kidogo, pakatoa pumzi.

"Kimesema nini?" aliuliza Kisilu.

"Kimesema tumekwisha."

Chini ya ngozi ile laini kulikuwa na mapango ya gesi, na mahali fulani palikuwa na mwanya wa kupumulia. Dawa nyingine haikuwapo. Nduku alikata povu lililogandia pembeni, akapaka rangi ya mti wa mninga, akaomba.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Muthoki, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, aliketi mbele akiwa amevaa kilemba kama cha kwenda harusini, bila shaka katika ukumbi fulani. Kwaya ikamaliza wimbo. Askofu akakusanya joho lake, akageuka polepole, na kwa heshima zote za cheo chake akaketi.

Puuuuuu.

Haukuwa mlio wa kukisia. Ulianza mzito, ukapanda, ukamalizikia kwa kifilimbi chembamba kilichokataa kwisha. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Kanisa zima likanyamaza kwa namna ambayo halikuwahi kunyamaza hata kwa maombi. Askofu, akitaka kuthibitisha kwamba si yeye, akainuka kidogo, akaketi tena. Puuuuuu. Sasa ikawa si yeye mara mbili. Mpiga kinanda aliinamisha uso, mabega yakimtetemeka.

Nduku, akiwa benchi la nyuma, aliuona mlango uliofunguka. Angenyamaza tu, hakuna mtu Mutomo angekishuku kiti. Wangemshuku askofu na maharagwe yake. Kiti kingebaki kizuri, karakana ingebaki salama. Alimtazama mtu mzima yule mwenye joho, jasho likimtiririka, asijue aweke wapi macho yake. Akasimama.

"Baba Askofu hana hatia. Aliyelia ni kiti."

"Tuonyeshe," alisema Muthoki.

Nduku akapanda madhabahuni, akaketi. Kimya. Akaketi tena. Kimya. Alikuwa mwembamba mno.

"Keti kama mtu aliyekula!" sauti kutoka kwenye kwaya ikamshauri.

Akaruka, akajitupa kwa uzito wake wote. Puuuuuu. Kanisa likapasuka. Watu walishikana, wengine wakalia machozi, na askofu akafuta jasho kama mfungwa aliyeachiliwa.

Muthoki peke yake hakucheka. "Kwa hiyo ni kazi mbovu. Kiti hiki kina ugonjwa gani?"

"Maji yaliingia kwenye kalibu."

"Maji? Hapa Mutomo penye ukame? Yalitoka wapi?"

Hapo kicheko kikaanza upya, na Nduku akafunga mdomo wake. Angeweza kulitaja jina moja tu akajiokoa nusu. Hakulitaja.

"Yalitoka kinywani mwangu," alisema Susu Ndila, akisimama kwa fimbo yake. "Nilikibariki."

"Mwaitu! Mama!" askofu alimaka. "Nilikataza kutemea watu!"

"Kiti ni mtu?" Bibi kizee akawageukia waumini. "Binti huyu aliona nikitema, akaacha kupangusa. Hilo ndilo kosa lake. Muthoki, wewe ungepangusa?"

Muthoki akayatazama mabati ya paa kana kwamba anayahesabu.

"Na wewe Kitheka? Kabla hujanijibu, kumbuka nilikutemea siku ulipokwenda kusomea uchungaji. Ulipangusa?"

Askofu alikuwa na mahubiri ya mwaka mzima upande mmoja, na mama yake upande wa pili, naye mama alikuwa na fimbo.

"Sikupangusa," akasema. "Wala hata leo nisingepangusa."

Baada ya maneno hayo hakubaki na njia ya kumfukuza mtu kwa kosa ambalo yeye mwenyewe angelitenda. Akatangaza kwamba karakana itabaki ukumbini, na harusi zitafutiwe hema. Muthoki akanuna, kisha akamwuliza Nduku kwa sauti ya chini kama mashine ile inaweza kutengeneza nguzo za mapambo ya hema.

Kiti alipewa Susu Ndila, nacho kiliwekwa mstari wa mbele. Mahubiri yakirefuka, bibi kizee hujiinua kidogo kama anayetaka kujitupa kitini, na askofu hufika "Amina" kwa haraka ya ajabu. Kwa hiyo wewe uliyesoma hadi hapa, usiifungie hadithi hii kabatini. Mpelekee mtu ambaye kanisani kwao ibada haiishi hadi jua litue.