Kiota Miguuni pa Ana

Mimba ya nne ilikuwa imetimiza miezi minne, na asubuhi ile mwanamke aliyepaka sanamu rangi aliona doa la damu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Hakumwambia mumewe. Zile tatu zilizotangulia zilianza kuharibika hivyo hivyo. Alivaa aproni, akaketi kwenye kigoda chake karakanani, akaendelea na kope za ng'ombe.

Pale walitengeneza sanamu za plasta. Mumewe alimimina plasta kwenye kalibu za kuipa umbo, yeye akatia nyuso rangi. Sanamu hizo huwa tupu ndani, na shimo la chini huzibwa kwa kipande cha gunia kilichochovywa plasta mbichi. Kuziba ilikuwa kazi yake. Na kila alipomziba Ana, mama yake Maria, alitumbukiza kwanza karatasi ya ombi, aliyoiandika kwa rangi ya maji na brashi ile ile ya kuchorea nyusi. Bibi yake ndiye aliyemsimulia kwamba Ana alikaa miaka na miaka bila mtoto, siku moja akaona kiota mtini, akalia kuwa hata ndege wamemshinda. Mungu akasikia. Kwa hiyo kila Ana aliyepita mikononi mwake alikuwa na kiota miguuni.

Saa nne akaingia katekista kuchukua mzigo wa kanisa: punda, ng'ombe na Ana mmoja aliyezibwa jana. Watu walimwita Kamusi, maana ukimuuliza saa ngapi atakueleza saa ilivyoundwa. Akampiga punda mgongoni, akasema huyu bwana na mwenzake hawamo katika Injili hata moja, walidandia horini baadaye. Mume akamjibu kwamba shemeji zake nao waliingia nyumbani kwake hivyo hivyo, na mpaka leo hakuna wa kuwatoa.

Kisha Kamusi akakiinamia kiota.

"Na hiki, shemeji, kimetoka huko huko."

"Huko wapi?"

Akaeleza, kwa raha ya mtu anayependa kueleza, kwamba yapo maandiko ya kale ambayo wazee wa kanisa hawakuyaingiza katika Biblia. Watu waliendelea kuyasimulia, hadithi zikahamia kwenye picha, kwenye sikukuu, kwenye sanamu. Jina la Ana limetoka humo.

"Kwa hiyo Ana hakuwapo?"

"Sijasema hivyo. Maria alikuwa na mama, nani hana? Ila jina, ugumba, kile kilio, tumevipata kwa mtu tusiyemjua. Mbona umekuwa mweupe kama plasta?"

Alisema ni harufu ya rangi.

Wanaume walipotoka kumpakia yule punda wa plasta mkokotenini, alibaki akimtazama Ana, mwanamke mwenzake. Miaka tisa amemwandikia, na sasa hakuwa na hakika kama aliwahi kulia. Rafuni ilisimama sanamu ya Elizabeti, mama yake Yohana Mbatizaji. Naye alichelewa kuzaa, na huyo katika Injili yumo, hata Kamusi hana neno. Basi atoe karatasi kwa Ana, ampe Elizabeti. Alimlaza Ana juu ya magunia, akakata gunia la chini kwa kisu, akaingiza vidole viwili.

Karatasi ilikuwa imenata kwenye plasta. Aliibandua taratibu, akaikunjua magotini. Maji ya plasta yalikuwa yameyasafisha maneno yote. Palibaki ukungu wa bluu, basi. Herufi hata moja haikuwapo.

Akawakumbuka wale wengine. Ana tisa, katika makanisa tisa, kila mmoja na karatasi tupu tumboni.

Hapo ndipo maumivu yakamshika kiunoni, yale anayoyajua, akajua na yanakokwenda. Alichovya gunia jipya, akamziba Ana akiwa amepiga magoti, mkono mmoja kazini na mwingine chini ya kitovu. Nje mumewe akauliza kama Ana yuko tayari.

"Bado mbichi," alisema. "Msubirini kidogo."

Elizabeti alikuwa pale pale rafuni. Karatasi zilikuwapo, na brashi ilikuwapo. Hakunyoosha mkono.