Jeneza la Sinema

"Kata!" Jesca alipiga kelele, na safari hii sauti ilimpasuka. "Kateni, jamani! Maiti akipiga chafya haambiwi 'afya'! Anakimbiwa!"

Wabebaji wanne wakalishusha jeneza chini ya migomba, wakatazamana kama wanafunzi walioulizwa hesabu. Mmoja akajitetea kwamba mdomo ulijisemea wenyewe. Mtu akipiga chafya anaambiwa afya, ndivyo walivyolelewa. Kifuniko kikainuka, Godlisten akatoa kichwa, macho mekundu, pua ikimchuruzika.

"Dada Jesca, hii pilipili manga ni ya kweli."

"Ningekuwekea ya uongo kama ungejua kupiga chafya ya uongo. Rudi ndani."

Godlisten akarudi ndani, akalalia gunia lake la pilipili, akajifunika mwenyewe.

Kule kwao mjini, Kihonda, watu walimwita Jesca wa Video. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akipiga video za harusi, sendofu na kipaimara, akisukumwa na mashangazi wenye vigelegele, akilishwa pilau baridi nyuma ya spika. Harusini hakuna anayesema kata. Bwana harusi akikanyaga gauni la bibi harusi, ndiyo limekanyagwa, na wewe endelea kupiga. Kwa hiyo alipoamua kutengeneza sinema yake ya kwanza, filamu nzima ya kuonyeshwa ukutani kwenye ukumbi, neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa hilo. Kata. Rudia. Mambo yaende anavyotaka yeye, angalau mara moja maishani.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, au kilichekesha alipokiandika. Wezi wawili wanaiba pilipili manga ya mfanyabiashara, wanaificha ndani ya jeneza, na mmoja wao analala humo ili msafara wa mazishi uvuke kizuizi cha polisi bila kupekuliwa. Polisi wanavua kofia. Msafara unapita. Halafu maiti anapiga chafya, anaketi, waombolezaji wanatawanyika mabondeni, na mwizi anakimbia na gunia lake. Mwisho. Vipande vingine vyote vilikuwa vimeshapigwa. Kilibaki hicho kimoja, na bila hicho hakuna sinema, kuna picha tu za watu wanaobeba sanduku.

Na ilikuwa lazima kiwe leo. Jioni Godlisten anashuka kwenda kwenye mashamba ya miwa, msimu unaanza, na akishaingia huko hatoki hadi miwa iishe. Juu yao milima ya Uluguru ilikuwa imeshaanza kuvaa ukungu. Jesca aliutazama ukungu ule kwa chuki, kama jirani anayekuja kuazima kitu.

"Tunarudia," alisema. "Akina mama, lieni. Kilio cha kweli, siyo cha redio."

Hapo ndipo alipoharibu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amewaarifu majirani wa karibu kwamba leo kuna watu wa sinema, wasishtuke. Lakini wanawake wa huku Matombo wakiambiwa walie, wanalia. Kilio kile kilishuka bondeni, kikapanda mgongo wa pili wa mlima, ambako hakuna aliyeambiwa habari za sinema wala za Jesca. Watu wakaweka majembe chini.

Wa kwanza kufika walikuwa wanaume wawili wenye mizigo ya kuni mabegani. Walipita katikati kabisa ya picha, wakatua kuni, wakavua kofia mbele ya jeneza.

"Kata! Abuu, hawa ni nani?"

Abuu, mpiga picha wake tangu enzi za harusi, aliondoa jicho kwenye kamera. "Watu wa ng'ambo ya bonde, dada. Wamesikia kilio."

Jesca akawaamkia, akawaeleza polepole kwamba hakuna aliyekufa. Ni maigizo. Wanaweza kwenda na kuni zao.

"Kwenda nazo?" Mmoja alimtazama kwa mshangao. "Mama, kuni ukishazileta msibani huzirudishi nyumbani kwako. Unapeleka nini huko?"

Akaketi. Mwenzake akaketi. Nyuma yao wakaja wanawake na unga kwenye ungo, wakaja wengine na mboga, na mwisho kabisa, peke yake, akaja bibi mmoja mfupi mwenye mkungu wa ndizi kichwani, akihema kwa kupanda. Bibi Prisca, mtu mmoja alinong'ona, wakampa nafasi mkekani. Muda si muda mafiga matatu yalikuwa yanafuka moshi, na moshi ukaelekea palepale ulipotazama mdomo wa kamera. Jesca alihisi maji yamemfika shingoni. Alitaka kupiga kelele, lakini utawapigiaje kelele watu waliopanda mlima kuja kukupa pole?

Halafu akaja Bi Mwaisha.

Alikuja akicheka tangu mbali, amejipaka majivu usoni, kanga ameivaa nje ndani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza na kulikalia. Watu wakapiga makofi. Ukoo wake na ukoo wa wenye shamba lile ni watani tangu mababu, na mtani akifika msibani ana haki zake. Atamtukana marehemu apendavyo, atalizuia jeneza lisiende popote, na hainuki mpaka apewe kitu cha kulikomboa.

"Marehemu huyu alikuwa mlafi!" Bi Mwaisha alitangaza. "Tazameni sanduku lilivyo refu. Miguu au tamaa?"

"Mama," sauti ikatoka ndani, "unaninyima hewa."

"Nyamaza! Ulipokuwa hai hukunyamaza, na leo pia?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wabebaji walicheka mpaka wakashikana. Abuu alicheka, kamera ikatetemeka. Jesca peke yake hakucheka, na kilichomuuma alikijua. Siku nzima alikuwa akijaribu kuwachekesha watu hawa kwa maneno aliyoyaandika na kuyafuta usiku na mchana, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha jino. Mwanamke huyu amekaa tu.

"Shikamoo Bi Mwaisha," alisema, akijikaza.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uinuke. Nitakununulia soda, nitakupa kuku, chochote. Ukungu unashuka."

"Soda sitaki, na kuku ninao." Bi Mwaisha akajiweka vizuri zaidi. "Mmelia hapa tangu asubuhi. Kilio kina mwenyewe. Nitajie jina la marehemu, niinuke."

"Anaitwa Kachumbari. Kwenye sinema."

"Hilo jina la chakula. Watu hawakupanda mlima kulilia kachumbari."

Wakacheka tena. Jesca akageuka pembeni ili wasimwone uso. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye msalaba wa kanisa la misheni. Dereva aliyekuja kumchukua Godlisten alipiga honi barabarani, mara ya pili. Kazi yote hii, alijiambia, jeneza lililotoka Kihonda juu ya gari, likifungwa na kufunguliwa kila penye tope, kazi yote hii imekaliwa na mtu mmoja mwenye majivu.

"Innocent," mtu akasema.

Ilikuwa sauti ndogo tu. Bibi Prisca alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Semeni ni Innocent," alisema.

Kicheko kikaisha. Hata Jesca, ambaye hakumjua Innocent, alielewa kwa jinsi watu walivyoinamisha vichwa. Mwanamke aliyekuwa jirani yake akamweleza kwa kunong'ona. Innocent ni mtoto wa Bibi Prisca, alikwenda mbali kuchimba dhahabu, shimo likamfunika, hawakumtoa. Ilikuja taarifa ya mdomo tu. Hapakuwa na jeneza, na bila jeneza watu walikuja wakakaa kidogo, wakaondoka. Watani hawakuja kabisa, wangekalia nini?

Bi Mwaisha aliinuka. Akajifuta majivu kwa ncha ya kanga, na mengine yakabaki.

"Kumbe ni Innocent," alisema, akiligongagonga jeneza kwa kiganja. "Mwizi wa mapapai yangu huyu. Niliapa ningekutukana siku yako, ukanikimbia." Akasogea pembeni.

"Dada," Abuu alisema chinichini, "moshi umegeuka. Mwanga tunao kidogo. Tunapiga?"

Jesca alikwenda hadi kwa Bibi Prisca, akapiga goti. "Shikamoo bibi. Ndani humu kuna kijana, anaitwa Godlisten. Wakifika pale kwenye kona mimi napuliza filimbi, naye anainuka. Ndivyo sinema inavyoisha. Sitaki nikufiche."

"Marahaba. Najua, mjukuu wangu. Si nimemsikia anavyolalamika?" Bibi Prisca aliyafuta macho, yakajaa tena. "Wewe fanya kazi yako. Wambebe tu kidogo."

Wakambeba. Jesca hakuelekeza mtu. Kilio kilianza chenyewe, si kikubwa kama kile cha asubuhi, na watu wa kuni na wa unga wakajipanga nyuma bila kuulizana. Bi Mwaisha aliongoza mbele, akitukana na kulia kwa pamoja. Bibi Prisca alitembea ubavuni mwa jeneza, kiganja chake juu ya kifuniko. Abuu aliwafuata na kamera. Katika miaka yake yote ya kazi Jesca hakuwahi kuona picha nzuri kama ile, na ilimkasirisha, maana haikuwa ya kuchekesha hata kidogo na ilikuwa inaelekea kwenye kona.

Alitia filimbi mdomoni.

"Sasa, dada," Abuu alisema.

Kona ikafika. Alivuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Alimkasirikia bibi, akaukasirikia ukungu, akajikasirikia mwenyewe zaidi ya vyote. Puliza. Ni pumzi moja tu. Kesho Godlisten yuko kwenye miwa na wewe huna mwisho.

"Dada Jesca! Wanapita!"

Ndani ya jeneza, bila kuitwa na mtu, chafya ikatoka. Kubwa, ya kweli, iliyozuiwa muda mrefu, mpaka kifuniko kikaruka na kurudi mahali pake.

Hakuna aliyekimbia. Wabebaji walisita hatua moja. Bibi Prisca alikipapasa kifuniko taratibu, pale palipo na kichwa.

"Afya, mwanangu," alisema.

"Afya," wabebaji wanne wakaitikia, wakaendelea kushuka.

Abuu aligeuza shingo kumtazama Jesca, akisubiri neno. Jesca alikuwa amesimama palepale na filimbi katikati ya meno, na taa nyekundu ya kamera iliendelea kuwaka huku ukungu ukiingia kwenye migomba, ukiwachukua wa mbele, kisha jeneza, kisha mkono uliokuwa juu yake.