Chura Aliyeangusha Modeli ya Profesa

Saa nne na robo asubuhi, printa ya maabara ilianza kutoa vyura. Walitoka mmoja mmoja kwenye trei ya karatasi, bado wana joto, wakajipanga sakafuni. Mwanafunzi wa uzamivu aliwahesabu hadi mia, akazima mashine wino usije ukaisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Profesa wake alikuwa na modeli inayoeleza jinsi vinasaba vya vyura vinavyobadilika kizazi hata kizazi, na aliipenda kuliko mkewe, jambo ambalo mke alishalizoea. Kuipima, unaiachia modeli itengeneze vyura wake, kisha unamtia chura wa kweli katikati yao. Asipotambulika, modeli imefaulu. Akitambulika, imeanguka, na miaka sita ya mwanafunzi inaanguka nayo, kwa kuwa tasnifu yake yote imeiegemea na mwenye kuipitisha ni Profesa.

Mwanafunzi akamtoa chura wa kweli kwenye ndoo, akamchanganya na wale mia. Kisha akamwita mama wa usafi, ambaye hakuwa na upande.

"Mama, kuna mmoja si mwenzao. Unamwona?"

"Yule pale," akasema mama wa usafi, hata ufagio hajauweka chini. "Wenzake wanaruka kama wako kwenye gwaride. Yeye anaruka anavyojisikia."

Wakarudia mara kumi na tisa. Mara zote, yule pale.

Profesa akaja, akavaa miwani. Vyura mia wakageuza vichwa kwa pamoja kumtazama. Yule mmoja alikuwa anakula nzi.

"Tatizo nimeliona," akasema Profesa. "Mtoe huyo, upime upya."

"Profesa, huyo ndiye chura."

"Ndiyo maana. Anatuharibia."

Mwanafunzi akamtoa. Mama wa usafi akaangalia, hakuona mgeni. Modeli ikafaulu, Profesa akatia sahihi, vyura mia wakapewa kabati lao. Mwanafunzi aliona aibu, lakini sahihi aliichukua.

Jioni alifika nyumbani na tasnifu kwapani na chura mkobani. Mama yake akampongeza, akachungulia mkoba.

"Na huyu, mwanangu?"

"Amefukuzwa kazi."

"Kakosa nini?"

"Anaruka vibaya."

Mama akamtazama chura akivuka meza. "Mbona anaruka kama chura tu," akasema, akaenda kumtekea maji kwenye beseni.

Bintiye akailaza tasnifu kifudifudi, jina lake lisionekane.